Nati za Reli Ulizosema ni Zako

Baba yangu,

Tangu tukuzike hapa kijijini Mtawanya sijamsimulia mtu jambo hili. Leo naandika wazi, ili nao waliokusema vibaya wasikie.

Uliondoka Ngorongo ungali kijana, ukaenda kujenga reli ya Zambia pamoja na Wachina. Ulipenda kutueleza sababu yake: wenzetu wa Zambia walikuwa na shaba, ila njia yao ya kusini ilishikwa na walowezi wa Kizungu. "Tukawafungulia mlango," ulikuwa ukisema. Ujenzi ulipokwisha ukabaki kwenye genge la kukagua njia, upande wa Kisaki. Likizo moja ulinichukua. Asubuhi tulitembea juu ya mataruma, wewe na spana yako, unagonga, unasikiliza, unakaza nati. Treni ya abiria ikapita, akina mama wakakupungia madirishani, wamepakata kuku na ndizi. Ukaniambia, "Wale wanasinzia mle ndani kwa kuwa wanatuamini."

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Malori yakachukua mizigo, nanyi mkapunguzwa kazini. Ukaja kutulia Mtawanya kwenye mihogo na korosho. Mimi nilikuwa nashinda pale jirani Kibiti, nanunua vyuma chakavu vya kupeleka Dar es Salaam. Siku moja mtu akaniletea magunia mawili. Nilizitambua zile nati kabla sijazishika. Nikamuuliza kazitoa wapi, akanitajia daraja dogo la reli. Nikanunua hivyo hivyo, nikazificha kwenye banda lako kusubiri lori.

Mgambo walifika kabla ya lori. Uani palijaa majirani. Mwenyekiti wa kijiji akakuuliza, "Mzee, mzigo huu wa nani?"

Ukanitazama. Nilikuwa nimesimama karibu na mama. Nikainamisha macho.

"Wangu," ulisema.

Kesho yake nilikuletea uji mahabusu, nimejiandaa kwa laana. Ulisogea kwenye nondo ukauliza taratibu, "Zimetolewa sehemu gani?"

Nikakutajia lile daraja.

"Basi nenda stesheni sasa hivi ukawaambie. Treni ya abiria inapita kesho."

Nilikwenda, baba. Msimamizi wako wa zamani alipiga simu, genge likatoka, njia ikakazwa, treni ikapita salama. Lakini aliponiuliza nimejuaje, nilisema umenituma wewe. Akasema, "Kumbe ni yeye aliyezing'oa." Nikaondoka bila kumsahihisha. Hivyo hata mbele ya wenzako wa kazi nilikunyang'anya jina lako jema.

Ulifungwa, ukarudi umekonda. Watu wakaacha kukuita kushuhudia ndoa za watoto wao. Hadithi za reli hukuzisema tena. Nami nilikuwa nakula nawe sahani moja, kila siku nikijiambia nitasema kesho, hadi ukafariki.

Jana nimemwambia mama. Nilidhani atalia. Aliendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Mwanangu, nilijua toka siku ile. Baba yako alinikataza kukuuliza. Alisema, 'Mwache, atasema mwenyewe mbele yangu.'"

Uliningoja miaka yote ile, nasi tulikuwa tunalala nyumba moja.

Ijumaa, baada ya swala, nitaisoma barua hii mbele ya watu wa Mtawanya. Haitakufikia, najua, na hilo ndilo linaloniumiza. Mwenyezi Mungu akupe kivuli chema huko uliko.

Ni mimi mwanao wa kwanza, niliyechelewa.