Mwenzangu wa Kuzamia

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Mgongo wako unaendeleaje? Umeacha kubeba ndoo mbili mbili, au bado una kichwa kigumu? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu.

Kazi ya hapa ziwani bado ninayo. Najaza hewa kwenye mitungi ya wapiga mbizi na kuanika suti zao za mpira. Siku za mapumziko ufuko hujaa mahema, mitumbwi ya kukodi na watoto wanaogombea maboya. Sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kuzamia bure, ila kwa sharti kwamba hakuna kushuka peke yako. Unaandika daftarini jina lako na la mwenzako.

Dada, mwaka mzima sijapata mwenzangu. Hapa mtu ananikumbuka mtungi wake ukiisha hewa. Basi nikaandika jina lako. Wewe, unayeogopa hata maji ya beseni! Karani wa daftari hakushtuka, maana nilikuwa nashukia nyuma ya mawe, asikoona. Kule chini nilikuwa nageuka kukuonyesha kwa mkono kwamba niko sawa.

Jumapili iliyopita ziwa lilichafuka kwa upepo, na nilipotoka majini nikamkuta karani kwenye ngazi akihesabu watu. Akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema anakuja. Hukuja. Wakapiga king'ora. Mwalimu wa kuzamia akashuka kukutafuta mara mbili, na mara ya pili akapanda damu ikimtoka puani.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Muda wote huo mama mmoja nisiyemjua alikuwa amenifunika taulo na kunikumbatia, akilia kwa ajili yako. Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Nikaumeza, maana ningesema, angeniachia. Nilisema tu nilipoiona ile damu. Naona aibu mno, dada.

Nimepigwa marufuku kuzamia, na kazi yangu bado wanaijadili. Meneja amechukua namba yako ili ahakikishe. Akikupigia kuuliza kama uko hai, mjibu vizuri, usimfokee. Nisalimie wote hapo nyumbani. Na ukishakata simu yake, nipigie na mimi, uniulize hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba.