Mama Yako Amemtukana Kifo Kanisani

Mama yako amemtukana Kifo kanisani, mbele ya pasta! Hujambo, mjukuu wangu? Sisi tu wazima, mahindi yamekomaa, lakini mimi bado natetemeka. Alisimama akasoma shairi alilomtungia marehemu babu yako: "Wewe Kifo, unaringa na nini? Hata Lazaro ulishindwa kumweka." Mwanangu huyo, nimemzaa mimi, Busia nzima hakuna kichwa kama hicho. Ila pasta akaniuliza, "Mama, kweli tusome hii kaburini siku ya ukumbusho?"

Nawe uliniuliza kwa simu kama ni dhambi kumsema Kifo hivyo. Baba yangu alipofariki kule Bukhayo, wanaume waliswaga mafahali kuzunguka boma, wakifukuza kifo. Nilikuwa msichana, nikajificha jikoni. Mama yangu, mtu wa kanisa kabisa, akashika fimbo akakimbia nao akipiga kelele, "Toka kwetu!" Kisha akarudi, akafungua Biblia, akalia. Tangu msiba uingie, hapo ndipo nilimwona mara ya kwanza akilia bila kutetemeka.

Nimemwambia pasta shairi lisomwe, tena kwa sauti. Tunawangoja nyote hapa nyumbani siku hiyo ya ukumbusho, Jumamosi ya kwanza ya Desemba.