Picha Yako Ukiwa Umeinua Mikono

Mwaka mmoja umetimia leo, mama watoto, tangu utuache, na wivu wangu bado haujaisha. Wewe ulinizoea. Ulikuwa ukisema nina wivu hata na kitana chako.

Ulikuwa msusi. Kutwa nzima umesimama, mikono juu, na kila mteja kwako ni "shoga yangu". Unarudi nyumbani umebeba siri zao zote, wala huniambii hata moja. Nikinuna unanifinya sikio, kisha unanipakulia mimi kwanza.

Siku uliposhindwa kuanika nguo nilikwambia unadeka. Acha watu wasikie, nilisema hivyo. Ukaanza kushika ukuta ili uinuke kitini, nikakutania kwamba uzee umebisha hodi. Miezi minane tukatibu mifupa, kumbe ni kinga ya mwili wako iliyokugeuka, inashambulia misuli yako mwenyewe. Ugonjwa huo unaitwa mayositisi. Ni wa nadra, na dawa za kuutuliza zipo, ila unataka kuwahiwa. Sisi tulichelewa.

Ulipojua hukukaa kulia. Kila aliyeingia saluni ulimtoa jasho: "Shoga yangu, hebu kunja mikono kifuani, simama bila kushika kitu. Haya, mikono juu!" Nguvu kidogo iliyobaki uliwapa wao, na mimi jioni nikaambulia usingizi wako. Niliwaonea wivu wote, hata waliokuja kusuka mara moja tu.

Kisha ukawapa zahanati picha yangu. Ile niliyokupiga uani, mikono yote miwili kwenye kamba ya nguo, unanicheka mimi. Wakaichapa kwenye bango: "Ukiona huwezi kuinua mikono hivi, nenda kapimwe." Niliponuna ukasema, "Baba, acha choyo. Mke bado ni wako."

Miezi mitano iliyopita nilikwenda kulibandua. Nimeshavuta pembe moja, nikamsikia mama muuza mikate, kwenye benchi nyuma yangu, akimwambia mumewe, "Si ndiyo haya yangu? Mkono haupandi."

"Mimi nilidhani unadeka," mume akasema. Kisha akamshika kiwiko, wakaenda dirishani kumwulizia daktari.

Niliirudisha ile pembe, nikaisugua kwa kidole gumba mpaka ikashika. Nasikia yule mama ameanza dawa, na sasa anajiinua mwenyewe. Nimefurahi, kweli. Lakini sijawahi kumwonea mtu wivu kama ninavyomwonea yule mume wake.

Tunaokukumbuka: mimi mumeo, fundi majokofu, binti zetu, Kifungua Mimba na Kitinda Mimba, mama yako mzazi, dada yako mshonaji, na wasusi wenzako wote, ambao bado wanawasimamisha wateja wakiwa wamekunja mikono.

Picha nimewaachia watu. Ila ulikuwa unanicheka mimi, mama watoto, na hilo sitalisahau maisha yangu yote.