Mama wa Bwana Alale Ndani, Mimi Nilale Hosteli?

Mjukuu wangu wa kwanza anabatizwa Dodoma Jumapili ya Pentekoste, saa tatu asubuhi, mpendwa mshauri, na kapewa jina la marehemu baba yangu, Petro! Samahani, nimetanguliza furaha kabla ya salamu. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo, marahaba. Mimi ni Mama Happyness wa Berega, naomba unisaidie maana moyo umejaa nyongo.

Happyness, mama wa huyo mjukuu, ndiye mwanangu wa kwanza, ni muuguzi, huku kwetu hakuna asiyemjua, darasani alikuwa hashikiki, nilimsomesha mwenyewe kwa mahindi na nguruwe baada ya baba yake kututangulia, leo ana mume wa maana na nyumba ya marumaru mpaka jikoni, picha zake ninazo kwenye simu na nimewaonyesha akina mama wote wa kanisani, nikawaambia mwezi ujao nalala humo, chumba cha wageni kina kitanda cha sita kwa sita na pazia la zambarau, nikanunua na kitenge kipya. Basi juzi mtoto ananipigia.

"Mama, nimekutafutia hosteli, iko karibu na stendi, bei yake nafuu."

"Hosteli? Mimi ni mwanafunzi?"

"Mama, na wewe unajua kwa nini."

"Sijui! Na kile chumba cha wageni?"

"Atalala mama yake Deo."

Deo ndiye mumewe. Nikakata simu. Huyo mama yake Deo anatoka hapo Mabwerebwere, Kilosa mjini, hata daftari moja hakumnunulia mwanangu, leo alale kwenye sita kwa sita, na mimi niliyebeba mimba nikalale chumba cha watu wanane, dabodeka, kitanda cha juu, na goti langu hili, choo mwisho wa korido, yote nimeyaona kwenye picha alizonitumia, mtoto asiye na shukrani! Jirani yangu Yusta kapata habari, kanicheka mbele za watu: "Mama Happyness, usisahau tranka na kufuli, na uwahi kutandika kabla matroni hajapita!"

Na si kwamba nina tabia mbaya, mshauri. Deo akija huku napita mlango wa nyuma, namsalimia kwa mbali nimejitanda kanga, hajawahi kuniona nikitafuna. Mdogo wangu Costancia wa Mikumi alipolala kwa mkwewe, mume wa binti yake, wakatumia bafu moja, ni mimi niliyemsema mbele ya ukoo mzima, Happyness akiwepo, nikamwambia katuvua nguo, mpaka leo hakanyagi kwangu. Mama mwenye adabu kama mimi ndiye wa kutupwa hosteli? Nisiende? Na nikienda, watu niwaambie nini?

JIBU LA MSHAURI

Mama Happyness, shikamoo. Hongera ya mjukuu, na pole ya goti. Sasa kaa chini, maana jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita.

Mama yake Deo anakwenda kulala kwa mwanawe. Wewe ungelala kwa mkweo. Asubuhi unatoka kuoga umejifunga kanga, unakutana na Deo koridoni, mswaki mdomoni. Ungepita mlango upi wa nyuma? Binti yako alikuwepo ulipomsema mama yake mdogo. Alisikia, akashika. Leo anatenda ulichofundisha, unamwita asiye na shukrani!

Kinachokuchoma ni zile picha. Chumba ulikitangaza kabla hujakaribishwa. Yusta atacheka, na itakuuma. Vumilia.

Ila Happyness naye simwachii. Mama mzazi hapandishwi kitanda cha juu kwa sababu ni nafuu. Mpigie leo, usifoke, mwambie: hosteli nakubali, hii siikubali. Atafute ya akina mama, karibu na kanisa, si stendi kwenye honi usiku kucha. Chumba cha watu wawili, vitanda vya chini, choo karibu, mlango wenye komeo. Na aende akaone mwenyewe kabla hajalipa, picha ya simu haina harufu.

Nimesema watu wawili. Kitanda cha pili ni cha Costancia. Ulimfukuza mdogo wako kwa kosa ambalo wewe sasa unalililia. Nenda Mikumi ukamwombe radhi, usitume mtu. Huenda akakufungia mlango, na atakuwa na haki yake. Gonga tena.

Kisha simama mbele ya akina mama wa kanisani, simu ibaki kwenye pochi, waambie ukweli kwamba unalala hosteli na mdogo wako, na kwamba Petro anabatizwa Dodoma Jumapili ya Pentekoste, saa tatu asubuhi, na wote wanatarajiwa, Yusta akiwa wa kwanza.