Uzi wa Mama Juu ya Tufe

Dada yangu mpendwa,

U hali gani, na huyo mgeni wa tumboni anaendeleaje? Bado anakunyima usingizi kwa mateke? Sisi huku wazima. Najua uliumia mama alipokwambia kwenye simu kwamba mgongo wake hauwezi safari ya basi kuja kwako, na ndege hapandi hata kwa kufungwa kamba. Shemeji naye kazi imempeleka mbali. Tunakuwaza sana ulivyo peke yako.

Kazini nimepewa jambo lililonitoa jasho. Kampuni inataka kuanzisha safari ya ndege ndogo hadi uwanja wa kwenu, na mimi ndiye niliyetakiwa kutafuta umbali. Nikachukua rula, nikapima kwenye ramani ya ukutani, nikamwambia bosi mafuta hayatoshi, na njiani hakuna pa kutua. Akashusha pumzi, akasema basi tuisahau.

Rubani wetu, yule tunayemwita Taratibu, hakukubali. Aliniuliza kama nimewahi kumenya chungwa nikalilaza ganda lake mezani bila kuchanika. Nikasema haiwezekani. Akasema ndivyo dunia ilivyo: ukitaka ikae kwenye karatasi lazima uivute, na rula yangu imepima huko kuvutwa.

Jioni nikaja nyumbani na tufe la ofisini, lile lenye ramani ya dunia, nikamwomba mama uzi wa cherehani. Unamjua mama, hugusi uzi wake bila kuhojiwa. Nikamwonyesha uwanja wetu na wa kwenu, nikaukaza uzi kati ya viwanja hivyo viwili. Haukufuata kabisa njia ya rula, na ulikuwa mfupi kuliko nilivyotegemea. Mama akaacha kushona. Akaweka kidole kimoja kwetu na kingine kwako. Kisha akasema, "Kumbe mwanangu yuko hapa tu."

Kesho yake nikapiga hesabu upya kwa kanuni ya kupima umbali juu ya tufe. Taratibu akapiga zake kivyake, majibu yakalingana: mafuta yanatosha, na ya akiba yanabaki. Bosi alifurahi mpaka akaninunulia soda, ingawa alinishauri rula nibaki nayo kwa kupigia mistari.

Sasa dada, kama umesimama, tafuta kiti. Nilikwambia uende uwanjani kupokea kifurushi cha nguo za mtoto. Nguo zipo, lakini nilikuficha jambo. Huyo aliyekupa bahasha hii ndiye Taratibu mwenyewe, na mama yumo ndani ya ndege yake. Amekataa kushuka mpaka umalize kusoma, anaogopa kukushtua na hali yako hiyo. Atakaa nawe mpaka ujifungue, na zaidi ukimvumilia. Akikwambia hakuogopa angani, usimbishie.

Nilikuwa na mengine ya kukueleza, ila haifai kumweka mzazi kwenye kiti kwa ajili ya maneno yangu. Salamu zilizobaki atakupa yeye. Nenda kamshushe.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere