Chaguo la Kwanza, Bweni la Juu

2 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, umekaa nyuma ya meza yako unagonga mihuri. Huku nyumbani hatujambo. Goti la mama limepungua kuuma tangu apate kiti kirefu cha kushonea. Anakusalimu, na anauliza kama unakula au unashindia chai.

Nimepata nafasi, kaka. Chuo, upande wa sanaa, uchongaji, kama nilivyoomba. Mama aliisoma ile barua mara mbili, akaiweka chini, akauliza, "Uchongaji wa nini?" Nikamwambia wa sanamu. Akasema basi angalau nitajua kushika nyundo, maana wewe hata msumari ulikushinda.

Sasa kuna fomu ya malazi. Mabweni ya wasichana ni matatu na natakiwa kuyapanga ninavyoyapenda. Wametuma kitabu chenye picha. Bweni la Bustani ni la ghorofa moja, lina maua mbele. Bweni la Barabarani linafanana na ghala la saruji. Bweni la Juu limekaa kwenye mteremko wa kilima, madirisha yake yanaanzia sakafuni hadi darini. Nilipoliona nikasema hapa ndipo kwangu. Mchongaji bila mwanga anapapasa tu.

Lakini mtu mwenye kaka karani wa malazi makao makuu atachaguaje bweni kwa picha? Wewe unayajua kwa mafaili yake. Niambie niandike nini, na usinijibu kama unavyowajibu wazazi wa watu.

Mdogo wako,
Kiherehere


9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na ninakula. Mwambie mama hivyo. Nimefurahi mno kwa habari zako hata nikaisoma barua chini ya meza wakati wa kazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Kazi ni ile ile. Matawi yote ya chuo, pamoja na hilo lenu la sanaa lililo safari ya siku nzima kutoka hapa, mafaili yake yanapita kwangu. Ukutani nyuma yangu kuna ubao wa misumari wenye ufunguo wa akiba wa kila jengo, funguo sitini na mbili, na kila Ijumaa nazihesabu na kutia sahihi kwenye daftari. Haujapotea hata mmoja tangu nianze. Mkuu wetu wa malazi bado ni yule tunayemwita Mzee Asante, kwa kuwa ukimwambia jambo lolote, liwe la furaha au la msiba, anajibu "asante" na kufunga droo.

Kuhusu bweni, usikae Bweni la Juu. Hilo naomba unitii tu.

Hata hivyo, kwenye fomu andika Bweni la Juu liwe la kwanza, na la Bustani liwe la pili. Usishangae. Kila mwaka Bweni la Juu wanapewa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mgeni akiliomba ananyimwa, na kwa taratibu zetu aliyenyimwa chaguo la kwanza anatangulizwa kwenye la pili. Wanaoandika Bustani la kwanza wanapigiwa kura, na wengi huishia Barabarani. Fanya nilivyosema, utalala Bustani bila jasho.

Ukishasoma, ichome barua hii.

Kaka yako


17 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Sote wazima. Nimejaza fomu kama ulivyoagiza, kwa wino mweusi, na mama ameipeleka posta mwenyewe.

Lakini tangu lini wewe unatoa amri bila maelezo? Uliponifundisha baiskeli ulinieleza breki siku mbili kabla hujaniruhusu kuigusa. Hilo bweni lina nini? Panya? Mizimu? Kama ni mizimu niambie, nitaichonga.

Barua sijaichoma. Nimeificha.

Mdogo wako,
Kiherehere


12 Septemba

Mdogo wangu,

Nisamehe sijaanza na salamu. Najua umeshafika chuoni, na barua hii haiwezi kungoja.

Leo asubuhi nimepewa orodha ya vitanda niipige taipu. Nilifika ukurasa wa pili nikapiga jina lako, na mbele yake nikapiga Bweni la Juu, chumba namba kumi na saba. Nikaendelea na majina mengine matatu. Ndipo akili ilipofika mahali vidole vilipokwishapita. Nilisoma mstari ule mpaka herufi zikawa hazina maana.

Nikaingia kwa Mzee Asante na karatasi mkononi. Nikamwambia, "Mzee, hawa wote ni wa mwaka wa kwanza."

Akasema, "Mwaka huu wageni wapewe walichoomba. Wale wa mwaka wa tatu wamekuwa wasumbufu, kila siku wanauliza mambo ya kuta. Mgeni hajui ukuta ulikuwaje mwaka jana."

Alisema hivyo huku anatafuta miwani yake. Kisha akasema asante, nami nikatoka.

Sasa nakueleza nilichopaswa kukueleza Agosti. Mwezi wa Juni mhandisi alikuja na ripoti yake ya mkono, nikapewa niipige taipu. Mwisho aliandika hivi: Jengo lisikaliwe na mtu yeyote mpaka msingi wa upande wa mteremko ujengwe upya. Nilipoimaliza, Mzee aliniita, akaniambia niipige tena, na mahali pa sentensi ile niweke kwamba jengo litafanyiwa matengenezo wakati wa likizo. Nikapiga. Mhandisi alikuwa ameshasafiri. Chini kushoto, kama taratibu zinavyotaka, ziko herufi mbili za mpigaji, na ni zangu. Nakala ya kaboni ya ile ya kwanza niliambiwa niichome. Sikuichoma. Imo ndani ya kamusi yangu.

Utaniuliza niliwawazia nini wale wa mwaka wa tatu. Sikuwawazia. Nilikuwaza wewe tu, ndipo nikajiona mjanja kwa hila ile ya fomu.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya uhamisho, nimeshaigonga muhuri. Bustani kuna binti hakuripoti, kitanda chake kiko wazi. Mpe mlezi wa bweni, uhame siku hiyo hiyo. Mwenzako wa chumbani akiuliza, sema una pumu na ngazi zinakusumbua.

Tafadhali, usichelewe.

Kaka yako


21 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimeanza na salamu kwa makusudi, maana nikianza na yaliyo moyoni nitakukosea adabu.

Barua yako ilinikuta chumbani. Mwenzangu wa chumba ni binti wa fundi viatu, anasomea uchoraji, na anakoroma kama pikipiki. Siku ya kwanza alinipa kitanda cha dirishani bila kuombwa, akasema mchongaji anahitaji mwanga kuliko yeye. Nilipokuwa nasoma alikuwa amejilaza anakula karanga. Nikamtazama, nikaisoma tena barua, nikamtazama. Akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikatikisa kichwa. Kaka, ulitaka nimwambie mtu huyu kwamba nina pumu?

Nikavuta kabati. Nyuma yake kuna ufa unaoanzia pembe ya dirisha hadi sakafuni, penseli inaingia. Mwalimu wetu wa uchongaji alitufundisha kwamba ukitaka kujua kama ukuta bado unatembea, paka jasi juu ya ufa, ule unga mweupe tunaomiminia sanamu. Ikikauka, ukuta ukisogea tu inapasuka. Nikapaka kiasi cha kiganja, nikaandika tarehe kwa kisu. Siku ya tatu ilikuwa na mstari kama unywele. Leo kucha yangu inaingia.

Halafu kuna mchezo wa penseli. Wasichana wa ghorofa yetu wanaziweka mlangoni, zinabingirika zenyewe hadi dirishani, ya kwanza kufika ndiyo mshindi. Wanapiga makofi. Wiki nzima nimepiga makofi nao.

Nimewaambia, usidhani nimenyamaza. Tulikwenda wanane kwa mlezi. Ni mama mpole, hakukasirika. Alifungua faili lake akatuonyesha ripoti ya mhandisi: matengenezo wakati wa likizo, basi. Wenzangu wakapumua. Mmoja akanicheka, akasema wachongaji tuna macho ya kutafuta makosa kwenye mawe. Mimi nilikuwa natazama chini kushoto. Nazijua herufi hizo tangu ulipokuwa unaziandika kwenye madaftari yangu ya shule.

Kwa hiyo neno langu halina uzito hapa. Umelizima wewe, kwa taipu safi isiyo na kosa hata moja.

Fomu yako ya uhamisho nimeichana. Tuko wasichana tisini na sita. Nitahama siku watakayohama wote. Sikutishi, kaka, ila siwezi kumwacha binti wa fundi viatu akilala chini ya ukuta ninaoujua. Karatasi iko kwako, ndani ya kamusi. Kaza moyo.

Mdogo wako


5 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Wiki mbili sijapata jibu.

Mvua imenyesha siku mbili mfululizo. Mlango wetu sasa tunaufungua kwa bega. Kipande cha jasi ninachokutumia kimeanguka chenyewe jana tukiwa tunapiga mswaki. Tarehe niliyoandika bado inasomeka.

Mwenzangu anakusalimu. Hakujui, anajua tu kwamba nina kaka asiyejibu barua.

Mdogo wako


9 Oktoba

Kwa dada zangu wote wa Bweni la Juu,

Natumai barua hii itawakuta wazima. Hayo huandikwa katika kila barua na mtu hasubiri jibu. Leo nauliza, na ninaogopa jibu.

Mimi ni karani wa malazi makao makuu. Hamnijui, isipokuwa mmoja wenu. Majina yenu tisini na sita niliyapiga taipu kwa vidole hivi, kila moja mbele ya kitanda chake. Mwezi wa Juni mhandisi aliandika kwamba jengo lenu lisikaliwe na mtu yeyote. Niliagizwa kuiondoa sentensi hiyo, nikaiondoa. Ripoti iliyo kwa mlezi wenu ni hiyo niliyoipiga mara ya pili. Pamoja na barua hii kuna nakala ya kaboni ya ile ya kwanza. Ziwekeni pamoja mlinganishe, mtaona ni mashine ile ile na herufi zile zile chini kushoto. Aliyesema ukweli mbele ya mlezi mkamcheka, mwombeni radhi. Mimi nitamwomba yangu mwenyewe.

Jana nilifungua bahasha hapa ofisini, kipande cha jasi kikaangukia mezani. Mkuu wangu alikuwa amesimama karibu, akauliza ni nini. Nikamwambia, "Ni jasi, mzee. Imetoka kwenye ufa wa Bweni la Juu. Ilipakwa Septemba ikiwa nzima." Akasema asante, akakikumba kwa kiganja kikaingia kwenye ndoo ya taka. Miaka miwili nimekuwa nikilicheka neno lile na makarani wenzangu, na kumbe kila aliposema asante, mimi ndiye niliyefunga droo. Alipotoka nilikiokota. Kiko mfukoni mwangu ninapoandika.

Tangazo lolote lenye muhuri wa makao makuu, mlezi hana budi kulibandika. Hili nimeligonga. Nimepiga nakala arobaini na nane, moja kwa kila chumba, ili asiwepo atakayesema hakuliona. Nyingine nimempelekea mhandisi.

Sasa sikilizeni, nawaomba. Ndani ya bahasha mtakuta ufunguo wenye kibati namba arobaini na moja. Ni wa ukumbi wa maonyesho ulio chini kabisa, kwenye uwanja tambarare. Chukueni magodoro, mashuka na vitabu, basi. Makabati yaacheni. Waanze wa vyumba vya upande wa mteremko. Teremkeni chumba kwa chumba, msirundikane kwenye ngazi, na msikimbie. Aliye wa mwisho ahesabu. Mkifika tisini na sita ndipo mfunge mlango.

Daftari la funguo nimelijaza leo kabla ya Ijumaa. Nimeandika sitini na moja, na pembeni nikaeleza huo mmoja nimempa nani na kwa nini, nikatia sahihi kwa jina langu lote.

Bahasha hii inatangulia na basi la leo usiku, mimi ninasafiri na la kesho. Mtanikuta kwenye ngazi za mlango wa mbele wa Bweni la Juu, nimekaa, ili asipite mtu kurudi kuchukua kitu. Anayetaka kunifukuza kazi atanikuta hapo hapo.

Kaka yenu,
karani

Uliye chumba namba kumi na saba: nimekaza moyo. Mama asiambiwe mpaka nipate kazi nyingine. Na mwambie binti wa fundi viatu kwamba kaka yako amejibu.