Jogoo Uliyemfunga Mguu

Songo Songo

Kwa dada yangu Zuhura,

Shikamoo dada. Ndevu zote hizi nyeupe na bado nina mtu wa kumwamkia, basi niitikie hata kwa kununa. Habari za eda? Magoti yanakuruhusu kusujudu, au bado unaswalia kitini? Na kile kikohozi cha asubuhi? Mimi kwa juu ni mzima. Ya ndani ndiyo yaliyonishikisha kalamu, na unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la tatu bila kuagana.

Ujumbe wako wa simu niliusoma. "Jogoo wako nilimfunga mguu tangu asubuhi. Alasiri ikapita, nikamfungua." Basi, hukuongeza neno. Ungenitukana ningepata usingizi. Siku ya tisa leo nakaa na huyo jogoo.

Nilikwambia bahari ilichafuka, boti hazikutoka. Dada, bahari siku ile ilitulia kama maji ya mtungi. Nilikudanganya. Sasa vaa miwani, usome mwenyewe, mtu asikusomee.

Ahadi yangu na marehemu mumeo unaijua, maana uliicheka zaidi yetu. Selemani alikuwa shemeji yangu na mtani wangu. Atakayetangulia, aliyebaki aingie kaburini kabla ya maiti, alale, agome kutoka mpaka apewe jogoo. Tuligombana miaka mingapi juu ya jogoo gani? Mimi nilimtaka yule mwekundu aliyempenda kuliko wewe. Yeye akasema, "Huyo humpati. Nitakuzika wewe kwanza." Tena akasema hivyo mdomo umejaa wali wako.

Na mimi kulala makaburini si mgeni. Nimechekesha misiba mpaka wajane wakaficha nyuso kwenye kanga.

Sasa sikiliza. Kabla ya Ramadhani alifariki mtani wangu mmoja hapa kisiwani, mvuvi wa pweza. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa nikateremka kama kawaida, nikajilaza, nikafumba macho, nikasema, "Chumba hiki kina baridi, leteni blanketi." Watu wakacheka. Halafu moyo ukaondoka. Sijui niseme vipi. Haukuuma. Ulianza kukimbia kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Nikausikia shingoni, masikioni, mpaka kwenye fizi. Nikasema, "Nitoeni." Wakacheka. "Nitoeni jamani, sitanii." Wakashika mbavu. Jirani yangu Bakari, huyu ninayekaanga naye samaki, nikamsikia akisema, "Leo mzee kazi kaiweza."

Nikalia, dada. Machozi kabisa. Wakaona ndiyo utamu wenyewe. Walinitoa mtu alipokuja na kuku, maana hiyo ndiyo kanuni, na niliyewafundisha ni mimi.

Bakari alishtuka jioni, nilipompa yule kuku bila kuombwa. Akasema, "Wewe unaumwa." Kesho yake akanivusha mpaka Masoko, hospitalini. Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ina vilima tupu, kama njia ya kwenda bara. Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wako. Akasema, "Babu, moyo wako unakwenda mbio hata ukiwa umelala. Umeanza lini?" Nikamwambia, mara ya mwisho ulikwenda hivi nilipokuwa nachumbia. Hakucheka. Akasema mwendo wenyewe utapewa dawa, lakini kuna na wasiwasi, na huo unauchochea moyo kama mtu anayepepea jiko. Vidonge vidogo, asubuhi kimoja, jioni kimoja.

Nilivimeza. Mwendo ukapungua kweli. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Ukikimbia nadhani utapasuka, ukitembea nadhani unatafuta pa kukaa. Nikawa naupima kutwa, vidole shingoni, macho kwenye saa ya ukutani. Hesabu ikinipotea nikachukua tasbihi, kila pigo punje moja. Mungu anisamehe. Imamu akaniona barazani, akawaambia watu, "Mtazameni Mzee Issa, siku hizi tasbihi haimtoki mkononi." Sasa vijana wananipisha njiani kwa heshima. Mimi, dada, niliyekuibia ubani wako wa maulidi. Na nikisimama kuswali nasikiliza kifua, nasahau rakaa ya ngapi, natazama mwenzangu anafanya nini ndiyo nafuata.

Mwisho nikachoka kuogopa mara mbili, nikaviacha vidonge. Nilijiambia nimepona. Sikumwambia daktari wala Bakari.

Siku ya nne ya kuviacha ndiyo simu yako ikaja, kwamba Selemani hayupo, na mmesema azikwe Alasiri ili nifike.

Nilivaa kanzu, nikapanda boti ya kwanza. Sikulia njiani, nilikuwa napanga maneno yangu. Nilifika Masoko, nikaingia kwenye gari la kuja kwenu pale standi. Konda akaiona kanzu, akasema, "Mzee, msibani? Pole. Kaa mbele." Nikakaa mbele. Nikaanza kuliwaza lile shimo, kuta zake, na sura za watu juu. Moyo ukaondoka. Safari hii hapakuwa na shimo, nipo kwenye kiti cha gari mchana kweupe, na jasho linachuruzika. Nikamwambia konda anishushe.

"Vipi mzee?"

"Nimesahau dawa."

"Si utanunua huko mbele?"

"Nimesahau dawa," nikasema tena, na dawa ipo mfukoni mwa kanzu inagongana na funguo.

Gari likaondoka. Likaja jingine, nalo likaondoka. Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja wa chai. Alifunika kikombe changu kwa kisahani, chai isipoe. Adhana ya Alasiri ilinikuta hapo. Nikajua sasa wanamswalia, na sasa wanamteremsha, na hakuna mtu aliyemtangulia kupasha joto pale chini.

Kufa niliogopa, sikufichi. Lakini nilichoogopa zaidi ni kusema "nitoeni" na wewe, ukisimuliwa nyumbani, ucheke. Nilirudi kisiwani na boti ya kesho yake, nikakutumia uongo wa bahari.

Wiki hii nimerudi kwa yule binti. Akasikiliza kifua, akasema, "Babu, dawa hunywi." Nikamweleza yote, mpaka jogoo. Safari hii ndiyo alicheka kidogo. Akasema dawa hii haiachwi kwa kujiamulia, na kupima ni mara moja asubuhi, nimekaa, basi. Kila ninapouchungulia nauogopesha. Nikamwambia moyo huu una tabia za dada yangu, ukitazamwa sana unanuna. Nimeanza upya. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, na Bakari ananisimamia mpaka nifungue mdomo aone ulimi. Unapungua kidogo. Hofu ndiyo bado. Hakuniahidi kwamba itaondoka, na mimi siwezi kukuahidi wewe.

Nisalimie mwanao mkubwa aliyebeba jeneza mbele, mahali pangu. Mkweo mpe pole, mwambie wali wa msibani niliukosa na ndilo lililoniuma, atacheka. Yule jirani fundi baiskeli anayenidai maneno, mwambie nitamjibu ana kwa ana. Kwa mwalimu wa madrasa usiseme habari ya tasbihi.

Maneno niliyoyapanga kwenye boti ni haya. Ningelala, ningesema, "Selemani, nimekuja kulala huku kwa sababu kwako umeninyima hata kuku. Sasa nani mgeni wa nani?" Halafu ningegoma mpaka mwanao alie kwa kucheka. Ni hayo tu. Nilidhani ni mengi.

Ukitoka eda nitakuja, ila kaburini sitalala. Daktari hakunikataza, najikataza mwenyewe. Nitakaa pembeni, juu ya udongo, nimtanie nikiwa nimekaa kama mzee mwenye adabu. Kwa hiyo jogoo usimchinje, na usimpe mtu. Siku hiyo ya kutoka eda mfunge tena mguu tangu asubuhi. Alasiri ikipita sijafika, mfungue, na ujue kwamba safari hii mimi sikushuka garini, moyo ndio uliosimama njiani.

Mdogo wako,
Issa